Safari ya Kwanza Uzbekistan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nirudi kutoka Uzbekistan, watu huniuliza mambo yale yale: viza, pesa, treni, chakula, na kama mtu mweusi hupokelewa vizuri. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Ya msingi yametangulia, na ya wenye mahitaji ya pekee yako mwishoni.

## Kabla ya kuondoka

Uzbekistan iko wapi hasa, na watu huenda kuona nini?

Iko katikati ya Asia, imezungukwa na Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan, Afghanistan na Turkmenistan. Haina pwani ya bahari kuu, na jirani zake wote pia hawana. Hata hivyo miji yake ilitajirika kwa biashara ya mbali kama Kilwa na Lamu, ila misafara ya ngamia ilichukua nafasi ya majahazi.

Wageni wengi hufuata miji mitatu. Samarkand ina uwanja wa Registan wenye madrasa tatu zinazotazamana. Ya kwanza ilijengwa na mtawala Ulugh Beg kati ya 1417 na 1420, na mbili nyingine zilifuata karne ya 17. Bukhara ina mnara wa Kalon wa mwaka 1127, na mitaa ya zamani ambayo bado watu wanaishi ndani yake. Khiva ni mji mdogo ndani ya kuta za udongo. Mji mkuu, Tashkent, una majengo mapya na barabara pana kwa sababu tetemeko la Aprili 1966 liliangusha sehemu kubwa ya mji wa kale. Usiupite mbio kwa sababu hiyo: una soko la Chorsu, metro yake, na eneo la kidini la Hazrati Imom.

Siku ngapi zinatosha?

Siku 8 hadi 10 kwa miji yote minne. Ukiwa na siku 5, achana na Khiva. Iko mbali upande wa magharibi, na utaipa siku nzima mbili za safari kwa saa chache za kutembea. Ni bora ulale usiku wa ziada Bukhara. Mji huo hupendeza jioni, watalii wa kutwa wakishaondoka na wazee wakitoka kukaa kando ya bwawa la Labi Hovuz.

Niende mwezi gani?

Aprili, Mei, Septemba au Oktoba. Kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti kuna kipindi ambacho wenyewe hukiita *chilla*, siku 40 za joto kali, na nyuzi joto hupita 40. Usijipe moyo kwamba wewe umelizoea joto la Mombasa au Dar es Salaam. Lile lina upepo wa bahari. Hili ni kavu, linakukausha midomo na kukuumiza kichwa kabla hujahisi kiu. Desemba hadi Februari kuna baridi ya kuganda na pengine theluji, lakini hoteli hushuka bei na Registan unaweza kuikuta karibu tupu.

Tarehe 21 Machi ni Navro'z, mwaka mpya wa majira ya kuchipua. Ni sikukuu nzuri sana kuishuhudia, ila tiketi na vyumba hugombaniwa.

Je, nahitaji viza?

Hutegemea pasipoti unayosafiria, si mahali unapoishi. Wenzetu wenye pasipoti za Uingereza au Ujerumani huingia bila viza kwa siku 30 tangu 2019. Ndugu yao anayesafiri na pasipoti ya Afrika Mashariki asiwafuate kwa kudhani masharti ni yale yale. Kabla ya kulipia tiketi ya ndege, fungua tovuti ya serikali, e-visa.gov.uz, utafute nchi yako kwenye orodha.

Viza ya mtandaoni ni ya siku 30. Ada yake ni dola 20 kwa kuingia mara moja, 35 mara mbili, na 50 mara nyingi. Iombe wiki mbili kabla, hata kama majibu huja ndani ya siku chache, kwa maana picha isiyo na vipimo sahihi au herufi moja ya jina iliyokosewa hukurudisha mwanzo. Kama nchi yako haimo, utapitia ubalozi, na kwa kawaida wakala wa safari wa kule ndiye anayekuandalia barua ya mwaliko.

Ukipanga kutoka kwenda nchi jirani na kurudi, soma kwanza swali la kuvuka mpaka, sehemu ya mwisho.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Utabadilisha ndege njiani. Njia za kawaida ni kupitia Istanbul au Dubai. Kama tiketi zako mbili umezinunua mbalimbali, huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati ili uchukue mizigo na kuikabidhi upya, na hapo utatakiwa kuwa na viza ya nchi hiyo. Lipia tiketi moja ya mwanzo hadi mwisho.

## Ukishafika

Huu "usajili" ninaousikia ni nini?

Kila mgeni lazima asajiliwe mahali anapolala ndani ya siku 3 tangu afike. Ukilala hotelini, kazi hiyo ni ya hoteli: wanachukua pasipoti yako mapokezi na kukuingiza kwenye mfumo. Wewe hakikisha tu wamefanya, na omba uthibitisho. Mimi nilipewa kikaratasi kidogo kama risiti ya duka, nikakikunja ndani ya pasipoti hadi siku ya kuondoka.

Tatizo huja ukilala kwa rafiki au kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kukusajili, na wengine hupuuza. Muulize kabla hujalipa. Ukilala ndani ya treni, tunza tiketi, ndiyo inayoeleza usiku ule ulikuwa wapi.

Nibebe pesa gani?

Dola, noti mpya na safi. Noti iliyochanika pembe, yenye muhuri au maandishi ya kalamu, inaweza kukataliwa hata benki. Sarafu yao ni *so'm*. Dola moja ni so'm zaidi ya 10,000, hivyo usishtuke ukiambiwa chakula cha mchana ni elfu hamsini.

Badilisha benki au kwenye mashine za kubadilishia fedha. Zamani kulikuwa na bei mbili, ya serikali na ya mtaani, na wageni walikwenda sokoni na mifuko ya plastiki. Hayo yaliisha Septemba 2017 serikali ilipoachia thamani ya so'm. Kwa hiyo anayekunong'oneza "nina bei nzuri" huko Chorsu hana cha kukusaidia.

Kadi hupokewa kwenye hoteli kubwa na maduka ya mijini. Sokoni, kwenye teksi za pamoja na vijijini, ni fedha taslimu. Usitegemee mashine moja ya ATM. Jioni ya Ijumaa nilizunguka tatu ndipo nikapata yenye noti.

Simu na umeme je?

Laini ya simu hununuliwa kwa pasipoti, uwanjani au madukani, na intaneti ni nafuu. Ukikaa zaidi ya siku 30, simu uliyotoka nayo nje inatakiwa kuandikishwa, la sivyo hufungiwa mtandao.

Umeme ni volti 220, lakini soketi ni za matundu mawili ya duara. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii. Nunua adapta nyumbani, dukani kwa fundi umeme.

Saa zao zikoje?

Wako mbele yetu kwa saa mbili. Adhuhuri ya Nairobi ni saa nane mchana ya Tashkent. Wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kama sisi, na mtu anayefikiri kwa saa za Kiswahili anaweza kuchanganya hasa kwenye tiketi za treni.

## Kusafiri ndani ya nchi

Treni ni nzuri kama wanavyosema?

Ndiyo, na ndicho kitu ninachowasisitizia watu kukikatia mapema kuliko hata hoteli. Treni ya kasi inaitwa Afrosiyob, imetengenezwa Hispania, ilianza 2011. Hutoka Tashkent hadi Samarkand, kilomita 344, kwa saa mbili na kidogo, kisha huendelea Bukhara. Viti ni vichache kuliko watu, na msimu wa Aprili na Oktoba hujaa mara tu mauzo yanapofunguliwa. Nunua kwenye tovuti au programu ya shirika la reli siku ya kwanza unayoweza. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, maana hukaguliwa mlangoni mwa stesheni.

Ukiikosa, ipo Sharq, ya polepole lakini safi, na zipo treni za usiku. *Kupe* ni chumba cha vitanda vinne chenye mlango. *Platzkart* ni behewa la wazi la vitanda vingi. Nililala platzkart kwenda Urgench, mji wa jirani na Khiva. Mama mmoja wa kitanda cha chini alitandaza kitambaa, akatoa mkate, nyanya, mayai na buli la chai, akaniita kwa mkono. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilikataa mara ya kwanza kwa aibu, akasogeza kikombe upande wangu bila kuniangalia, nikashuka. Tangu hapo nikisafiri kwa treni hununua vya ziada stesheni, ili nami niwe na cha kuweka kwenye kitambaa.

Teksi je?

Mijini tumia programu ya Yandex Go. Bei unaiona kabla ya kupanda, na ni ndogo. Magari mengi ni Chevrolet nyeupe zilizotengenezwa humo humo nchini, basi angalia namba, usiangalie rangi. Kati ya miji kuna teksi za pamoja, abiria wanne, zinaondoka zikijaa. Patana kabla ya kuingia. Nyingi zinatumia gesi, na zikifika kituo cha kujazia gesi abiria wote hutakiwa kushuka na kusubiri mbali. Hakuna ubaya, ni taratibu za usalama.

Metro ya Tashkent inafaa?

Inafaa sana, na kila stesheni ni ya kutazamwa. Ilifunguliwa 1977. Kupiga picha kulikatazwa hadi 2018, sasa ruksa. Shuka Kosmonavtlar uone kuta za buluu zenye nyuso za wanaanga, na Alisher Navoi uone kuba zake.

Kuna hatari gani barabarani?

Magari hupita kulia. Sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania tumefundishwa kutazama kulia kwanza, na huko gari la kwanza hutokea kushoto. Mara mbili nilivutwa mkono na watu nisiowajua. Wa Rwanda, Burundi na Kongo hamna shida hiyo.

## Chakula

Nitakula nini, na kitanifaa?

Utakula pilau. Wao huiita *osh* au *palov*, na jina letu na lao ni la ukoo mmoja. Yao haina mdalasini wala iliki kama ya Zanzibar. Ni mchele, nyama ya kondoo au ng'ombe, karoti nyingi zilizokatwa vijiti, vitunguu, bizari nyembamba na mafuta mengi, ikipikwa katika sufuria ya chuma kubwa kama beseni la kufulia. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni.

Osh ni chakula cha mchana. Hupikwa asubuhi, na ikifika saa nane mara nyingi chungu kimekwisha. Anayekupikia osh jioni mgahawani mara nyingi anakupa kiporo.

Kuna *somsa*, ambayo ni sambusa iliyookwa kwenye tanuri la udongo badala ya kukaangwa. Supu ya *shurva*, tambi za *lag'mon*, mishikaki ya *shashlik*. Matunda yake usiyaache: tikiti, aprikoti, zabibu, na yaliyokaushwa sokoni Siyob, Samarkand, ambako muuzaji atakuonjesha mpaka ushibe.

Nyama ni halali?

Waislamu ndio wengi, na nguruwe ni adimu, hupatikana kwenye maduka na migahawa michache inayojulikana. Kitu cha kujua ni *qazi*, soseji ya nyama ya farasi, ambayo huwekwa juu ya osh kwa vipande vyeusi. Asiyetaka aseme mapema. Pombe inauzwa waziwazi, basi usifikiri kila mgahawa hauna.

Asiyekula nyama afanyeje?

Atapata tabu kidogo. Saladi ya nyanya na vitunguu, *achichuk*, iko kila mahali, pia mkate, mayai, maboga na somsa za malenge. "Bila nyama" kwa wapishi wengine maana yake nyama imeondolewa juu, mchuzi ni ule ule.

Maji ya bomba?

Usinywe. Nunua ya chupa, au kunywa chai, ambayo hutolewa kila mahali.

Mbona chai wananijazia nusu kikombe?

Ni heshima. Mwenyeji hukumiminia kidogo ili akumiminie tena na tena, na chai isipoe. Kikombe kilichojazwa pomoni kinaweza kumaanisha muda wako umetosha. Kabla ya hapo humimina kikombe kimoja na kukirudisha ndani ya buli, mara tatu, ili majani yakolee. Mimi siku ya kwanza nilidhani wananibania.

Mkate, *non*, humegwa kwa mkono. Usiukate kwa kisu mezani, usiuweke kifudifudi, usiutupe chini.

## Watu, lugha na adabu

Nitawasiliana vipi?

Kiuzbeki ndicho lugha ya taifa, Kirusi kinaeleweka sana mijini, Kiingereza ni cha vijana na hoteli. Maandishi utayaona kwa herufi za Kilatini na za Kirusi, wakati mwingine mtaa mmoja zote mbili.

Lakini msemaji wa Kiswahili ana akiba asiyoijua. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao kama vilivyopita kwetu. *Kitob* ni kitabu, *daftar* daftari, *do'kon* duka, *muallim* mwalimu, *soat* saa, *vaqt* wakati, *hisob* hesabu, *xabar* habari, *dunyo* dunia, *choy* chai, *safar* safari. Choo ni *hojatxona*, yaani nyumba ya haja, neno ambalo halihitaji kufafanuliwa kwetu. Siku ya tatu nilikuwa nasoma mabango ya duka nikicheka peke yangu kwa furaha. Asante ni *rahmat*.

Naamkiana nao vipi?

"Assalomu alaykum," mkono wa kulia kifuani, kichwa kikiinama kidogo. Mwanamume hasubiri kupeana mkono na mwanamke asiyemjua. Akitoa yeye, sawa. Aliyekuzidi umri umwite *aka* kama ni mwanamume, *opa* kama ni mwanamke, kama sisi tunavyosema kaka na dada. Ukiliweka neno hilo baada ya jina lake, bei ya sokoni haitashuka, lakini uso utafunguka.

Mtu mweusi anapokelewaje?

Utatazamwa. Watu wengi hawajawahi kukutana na Mwafrika, hasa nje ya Tashkent. Mara nyingi utaombwa picha, na familia nzima itajipanga. Niliulizwa "Otkuda?", yaani unatoka wapi kwa Kirusi, labda mara ishirini kwa siku pale Registan. Kwa uzoefu wangu ulikuwa udadisi wa ukarimu. Hata hivyo huchosha, na huna deni la picha kwa mtu yeyote. Weka mkono kifuani, sema "rahmat", endelea na njia. Mtoto akikugusa nywele, mama yake huaibika kuliko wewe.

Mwanamke akisafiri peke yake?

Wengi hufanya hivyo, na nchi ni tulivu. Polisi wa watalii wapo kwenye miji ya kihistoria. Mavazi mijini ni huru, ila kwa makaburi matakatifu na misikiti beba mtandio na nguo inayofunika magoti na mabega. Usiku tumia teksi ya programu badala ya kusimamisha gari njiani, kwani gari lolote huko huweza kusimama likuchukue.

## Kwa wanaokwenda kuzuru na kusali

Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amezikwa wapi?

Si Bukhara, ingawa alizaliwa huko mwaka 810. Alifariki 870 kijiji cha Khartang, kilomita 25 hivi nje ya Samarkand. Kwa aliyekaa chuoni Lamu au Unguja akisikia "amepokea Bukhari" tangu utotoni, ziara hii ina uzito ambao Registan haina. Nenda asubuhi, na usiifunge ndani ya saa moja.

Ndani ya Samarkand kuna Shohi Zinda, kaburi linalonasibishwa na Qutham bin Abbas, binamu wa Mtume. Karibu na Bukhara amezikwa Bahauddin Naqshband, aliyefariki 1389, ambaye tarika ya Naqshbandiya imechukua jina lake.

Sala zao zina tofauti?

Wao ni Hanafi, wengi wetu ni Shafii. Alasiri yao huadhiniwa baadaye. Kibla kiko kusini-magharibi, nasi wa pwani tumezoea kuelekea kaskazini, kwa hiyo angalia simu kabla ya kutandika mswala hotelini. Misikiti mingi haina sehemu ya wanawake. Ulizeni kabla ya kwenda.

## Mambo ya pekee

Natumia dawa. Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Sheria zao juu ya dawa za kulevya ni kali na zinagusa dawa tunazozijua, kama tramadol, zenye kodeini, na baadhi ya dawa za usingizi na wasiwasi. Beba cheti cha daktari, dawa ikiwa ndani ya pakiti yake, kiasi cha safari tu, na uitangaze forodhani. Usimbebee mtu dawa. Ukiugua huko, duka la dawa ni *dorixona*, gari la wagonjwa ni 103, polisi 102.

Naweza kwenda na droni?

Iache nyumbani. Kuingiza bila kibali kunaleta matatizo makubwa.

Nimenunua zulia la zamani. Naruhusiwa kulitoa?

Kitu chenye zaidi ya miaka 50 kinahitaji kibali cha kutoka. Hata kwa kipya, omba risiti au cheti cha muuzaji. Muuzaji anayekuapia kwamba ni la karne ya 19 kwa bei ya chakula cha jioni amekutengenezea usumbufu uwanja wa ndege, au amekudanganya. Lolote kati ya hayo, hukupata faida.

Nikivuka kwenda Tajikistan kwa siku moja, nitarudi?

Utarudi kama viza yako ni ya kuingia mara mbili au zaidi. Mpaka wa kutoka Samarkand kwenda Panjakent ulifunguliwa tena 2018 na watu huupenda kwa matembezi ya kutwa, kisha wanakwama upande wa pili na viza ya mara moja iliyokwisha kutumika. Ukirudi, usajili unaanza upya, kama ilivyoelezwa juu.

Inafaa kwenda kuona bahari ya Aral?

Kama una siku tatu za ziada na moyo wa kustahimili njia mbovu. Unafika Nukus kwa ndege au treni. Mji huo una jumba la sanaa lililoanzishwa 1966 na Igor Savitsky, aliyekusanya michoro ambayo Moscow haikutaka ionekane. Kutoka hapo ni gari hadi Moynaq.

Moynaq ilikuwa bandari ya wavuvi. Mito miwili iliyoilisha Aral ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960, maji yakakimbia, na sasa meli zimekaa juu ya mchanga zikiota kutu, vichaka vimemea pembeni. Nilipanda juu ya moja. Kwenye sitaha kulikuwa na makombe madogo meupe, na mbele yake, hadi macho yanapoishia, hakuna maji. Nilikaa pale muda mrefu, nikifikiria forodhani kwetu wakati wa maji kujaa. Ukienda, ajiri gari lenye dereva anayeijua njia, beba maji ya siku mbili na kitu cha kufunika pua, kwa sababu upepo wa huko hubeba chumvi.